Mita Mbili za Katoni Moja

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani pale ofisi ya umeme Songea, najibu kwamba nilikuwa nasoma namba. Wanacheka, wakidhani naficha cheo. Sifichi kitu. Vyeo vilinifikia kwa kuchelewa, mishahara yenyewe mnaijua, na yote mawili hayana hadithi. Namba ndizo zenye hadithi. Sasa nimestaafu, nina kiti changu cha plastiki barazani na muda wa kutosha, na ninyi vijana mliobaki pale dirishani mlinisumbua siku ya kuniaga: "Mama Kapinga, tuandikie basi." Haya, shikeni.

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu vitatu: testa, penseli iliyofungwa kamba, na Mzee Mapunda. Testa ilipotea mapema, penseli iliisha, Mzee Mapunda yupo mpaka leo. Alikuwa msoma mita mkongwe, mzaliwa wa kijiji cha Mpitimbi, mrefu kama nguzo zetu, na alikuwa na tabia ya kuwasalimia mbwa kwa majina kabla ya kuwasalimia wenye nyumba. "Mwenye nyumba hang'ati," alinieleza. Siku hiyo tulizunguka mtaa wa Lizaboni, na mita ya kwanza niliyoisoma maishani mwangu niliisoma ovyo kabisa. Mita za zamani zilikuwa na visahani vitano vyenye mishale, na mshale mmoja ukizunguka kulia, jirani yake anazunguka kushoto. Mimi nikavisoma vyote kama saa ya ukutani. Mzee akaangalia nilichoandika, akaangalia nyumba, akasema, "Binti, humu mna balbu mbili na redio. Wewe umewapa kiwanda."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuziheshimu namba kubwa. Alikuwa na dawa yake ya kukagua hesabu, akiiita kutupa tisa. Unajumlisha tarakimu za namba, na kila ukipata tisa unaitupa. Chukua 4,527. Nne na tano ni tisa, tupa. Mbili na saba ni tisa, tupa. Hakibaki kitu, kwa hiyo namba hiyo inagawanyika kwa tisa bila kusaza. Namba iwe ndefu kama foleni ya mbolea, dawa ni ile ile. Nilimwuliza kwa nini inakuwa hivyo. Akajibu, "Kumi ni tisa na moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu vivyo hivyo. Ukishatupa hizo tisa, kila tarakimu inabaki na thamani yake tu, hata ikae wapi." Nilisimama katikati ya barabara, mwenye baiskeli akanipigia kengele na kunitukana. Nilikuwa nimesoma hesabu miaka yote ya shule, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba namba ina tabia.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa ya gesti moja mjini. Mwezi mmoja mita yao ilisoma 99,871, mwezi uliofuata ikasoma 00,206. Karani akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata uniti karibu laki moja kwa gesti yenye vyumba vya kuhesabika kwa vidole. Mwenye gesti akaja amevaa suti, maana alidhani anakuja kushtakiwa. Mzee Mapunda akachukua penseli yangu. "Mita imejaa, imeanza upya. Weka moja mbele." Mia moja elfu, mia mbili na sita, toa 99,871, ikabaki 335. Ndivyo ilivyo. Baada ya tisa zote huja sifuri zote, na mita haina mahali pa kuiandika ile moja. Mwenye gesti alitushukuru mpaka tukaona aibu, halafu akauliza kama suti yake inafaa kwa harusi.

Mzee Mapunda alistaafu wakati mita za tokeni zinaingia. Nilisikitika, lakini sikupata muda wa kulia kwa sababu mita hizo zilinichanganya vizuri mno. Kila moja ilikuwa na namba yake yenye tarakimu kumi na moja. Ukitaka umeme unatoa namba hiyo, unapewa tokeni ya tarakimu ishirini, na tokeni hiyo inafungua mita hiyo tu, hakuna nyingine duniani. Akaja mwalimu kutoka Dar es Salaam kutufundisha. Alikuja baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo wenzangu walilala. Mimi sikulala, kwa sababu alisema jambo moja lililonitoa usingizi: tarakimu ya mwisho kwenye namba ya mita si ya mita. Ni askari. Kazi yake ni kuwakagua wale kumi waliomtangulia.

Nitawaonyesha, msinikimbie. Chukua namba hii: 88310462093. Nimeibadilisha kidogo, msiende kuitafuta. Unaanzia kulia. Tatu ya mwisho inabaki ilivyo. Inayofuata, tisa, unaizidisha kwa mbili. Inayofuata inabaki, inayofuata unazidisha, hivyo hivyo mpaka mwanzo. Ukizidisha ukapata kumi au zaidi, unajumlisha tarakimu zake: nane mara mbili ni kumi na sita, moja na sita ni saba, unaandika saba. Mwisho unajumlisha zote. Hapa unapata hamsini. Jibu likiishia na sifuri, namba ni halali. Lisipoishia na sifuri, kuna aliyekosea kuandika, na mashine inaikataa palepale.

Jamani, nilivyoipenda! Nilikagua namba za mita zote za mtaa wetu. Nilikosea makusudi tarakimu moja, askari akanikamata. Nikakosea nyingine, akanikamata. Nikapishanisha tarakimu mbili jirani, nne na sita zikawa sita na nne, akanikamata. Tukaizoea hali hiyo ofisini mpaka ikawa kama dini. Mteja akija kusema pengine alikosea namba, jibu lilikuwa moja: ungekosea, mashine ingekataa. Hakuna aliyebisha, kwa sababu kila siku tuliliona jambo hilo kwa macho yetu.

Sasa ngojeni niwaeleze habari ya Saidi.

Saidi alikuwa fundi wetu wa kufunga mita, Myao wa Namasakata kule Tunduru, mtu mzima mwenye mke, mpole, anayepiga mluzi juu ya ngazi. Hajawahi kunipita bila shikamoo, hata akiwa amebeba waya mabegani. Siku moja ilikuja katoni ya mita mpya, namba zao zikifuatana. Saidi akafunga moja kwenye mashine ya kusaga ya Mama Ngonyani huko Mpitimbi, na nyingine kwenye nyumba aliyopanga yeye mwenyewe Lizaboni, maana mita ya pale ilikuwa imeungua na mwenye nyumba alikuwa ameomba mpya zamani. Kila kitu kilifuata utaratibu.

Mama Ngonyani alikuwa mjane mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kweli aliiongoza. Alipewa kadi yenye namba ya mita. Kadi ikafuliwa pamoja na kitenge, ikawa uji. Yeye hakushtuka, kwa sababu alikuwa ameshaitia namba ile kwenye wimbo. Watu wa kule huimba lizombe, ngoma ya Wangoni, hata wakipalilia, yeye akaichezesha namba humo humo, akawa anaiimba akichekecha unga. Akitaka umeme anakwenda kwa kijana wa duka la simu, anaimba, kijana anaandika. Siku hizo ujumbe ulileta tokeni tu, jina la mwenye mita halikuandikwa.

Tokeni ya kwanza aliyoinunua kwa wimbo ikakataa kwenye mita yake. Akampigia Saidi, fundi anayemjua, akamsomea tarakimu zote ishirini. Saidi akamwambia arudie taratibu. Ikakataa. Akanunua ya pili, akampigia tena. Akanunua ya tatu. Mashine ikalala, wateja wakahamia kwa mwingine, na Mama Ngonyani akapanda basi kuja mjini.

"Tumsifu Yesu Kristo," akanisalimia dirishani.

"Milele amina. Karibu, mama."

"Sikaribii. Umeme wangu mmeupeleka wapi?"

Nikamwomba namba ya mita. Akaiimba, na mguu ukafuata. Foleni nzima ikageuka. Nikaiandika: 88310462903. Nikamkagua askari kwa kichwa, hamsini, namba halali. Nikaiweka kwenye kompyuta. Ikaleta nyumba ya Lizaboni, mpangaji Saidi.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, na alichokiona sikuweza kukifunika. Meneja huyu alikuwa mgeni mkoani, kijana wa chuo, mwenye haki lakini mwenye haraka. Akatuma mtu Mpitimbi asome mita iliyoko ukutani. Ilikuwa ile yenye 093 mwishoni. Ya Saidi ilikuwa ile yenye 903. Meneja akamwita Saidi ofisini, mimi na Mama Ngonyani tukiwapo.

"Ulimpa huyu mama namba ya mita yako," alisema. "Yeye ananunua, tokeni inatoka kwa ajili ya nyumba yako, anakupigia na kukusomea. Wewe unaingiza kwako."

"Wallahi bosi, nilimpa namba yake. Kadi niliandika mwenyewe."

"Kadi iko wapi?"

Mama Ngonyani akatazama chini. "Niliifua," akasema.

"Basi labda amechanganya sifuri na tisa," nikasema. "Tazama, namba ni moja, hizo mbili tu zimepishana."

Meneja akanigeukia. "Mama Kapinga, wewe ndiye unayewafundisha wageni hapa. Tarakimu mbili jirani zikipishana, mashine inafanyaje?"

"Inakataa," nikasema. Ningesema nini?

"Ilikataa?"

"Haikukataa."

Saidi akasimamishwa kazi palepale. Meneja akasema Jumatatu jambo hili linakwenda polisi. Saidi alitoka bila kupiga mluzi, na jioni hiyo hiyo Lizaboni walikuwa wameshasikia. Mkewe, Mwanahawa, alikwenda bombani akaambiwa apishe watu wasiokula vya wizi. Nilipoambiwa hayo nilikasirika mpaka nikaunguza maharage.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwa Mzee Mapunda na karatasi tupu. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, nikamwambia, "Mzee, yule kijana simwoni akiiba. Lakini askari wetu halali."

"Kila askari analala," akasema. "Kinachotakiwa ni kujua saa ngapi."

Tukafanya kazi kwa punje za mahindi. Tulijiuliza swali moja tu: tarakimu ikitoka kiti cha kubaki ikahamia kiti cha kuzidishwa, inakuwa nini? Moja inakuwa mbili. Mbili inakuwa nne. Tatu, sita. Nne, nane. Tano inakuwa kumi, moja na sifuri, yaani moja. Sita inakuwa tatu. Saba inakuwa tano. Nane inakuwa saba. Kila mmoja akihamia kiti kile anabadilika sura, ndiyo maana askari anamjua. Nikafika kwenye tisa. Tisa mara mbili ni kumi na nane. Moja na nane.

Nikaacha kuandika.

"Tisa," akasema Mzee Mapunda.

"Na sifuri mara mbili ni sifuri."

Tukatazamana. Katika kumi wote, hao wawili tu hawabadiliki, wakae kiti hiki au kile. Wakipishana wao kwa wao, jumla haitikisiki, na askari anawapigia saluti. Tukajaribu jozi nyingine zote, na hakuna iliyopita. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, niseme kweli, nikasahau kwa muda kwamba kuna mtu anasubiri polisi. Namba ile nilikuwa nimeishi nayo miaka, nikidhani nimeshaijua yote.

Kisha nikaona jambo lingine. Katoni moja, namba zinazofuatana. Ukimweka askari pembeni, namba inayoishia 09 na namba inayoishia 90 huingia katoni moja ya mita mia, na kwa sababu ya tabia hiyo hiyo askari wao ni yule yule, tatu. Kwa hiyo kila katoni ya namna hiyo iliyowahi kuingia Songea imekuja na mapacha wake ndani. Kwamba Saidi amfungie mama pacha mmoja na yeye abaki na mwenzake, hiyo ni bahati mbaya, lakini si ajabu. Wote wawili walikuwa kwenye begi lake.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa meneja kabla hajafika. Mama Ngonyani naye alikuwepo, kaja na gari la alfajiri kutoa maelezo. Nikaieleza hesabu. Meneja alikaa, akachukua kalamu, akafanya mwenyewe, akarudia kwa namba ya mita ya nyumbani kwake. Alikuwa mtu wa kutazama, hilo nampa. Uso wake ukabadilika.

"Hii sikuijua," akasema.

"Hatukuijua wote."

Kisha akaweka kalamu chini. "Lakini, Mama Kapinga, hesabu yako inasema mama anaweza kuwa amekosea. Haisemi kwamba Saidi hakuziingiza. Alisomewa tokeni tatu. Mita pekee inayozikubali iko chumbani kwake. Hata kama namba ilikosewa kwa bahati, yeye angeweza kuona kwamba zinaingia, akanyamaza."

Alikuwa na haki. Namba ilikuwa imejisafisha yenyewe, mtu bado.

Mama Ngonyani ndiye aliyesema. "Mwanangu meneja, hivi tokeni ikishaliwa, inaliwa tena?"

"Hapana, mama. Ukiirudia, mita inaandika kwamba imetumika."

"Basi twendeni. Ninazo zote tatu kwenye simu. Tukaziingize kwake. Kama alishakula, mita itasema."

Meneja akamtazama. "Mama, elewa. Zikikubali, umeme wako ndio umeishia mle. Hautoki tena."

"Na uishie," akasema, akajifunga kitenge. Nisije nikasahau: ofisi ilimrudishia baadaye, kwa mwendo wa ofisi mnaoujua.

Tulikwenda na gari la kazi. Majirani wa Lizaboni walipoona gari wakatoka wote, maana walidhani tumekuja kumchukua. Saidi alikuwa amekaa kizingitini, na ndevu alikuwa hajanyoa. Mwanahawa alisimama nyuma yake, mzigo wa nguo umefungwa tayari kwa safari ya Namasakata. Ndani kulikuwa giza, na dirisha lao ni dogo. Mita ilisoma sifuri. Tangu asimamishwe hakuwa amenunua umeme.

"Ingiza, Saidi," meneja akasema baada ya kueleza.

"Mimi siigusi. Mtasema nimeichezea."

Basi meneja akabonyeza mwenyewe. Mama Ngonyani akasoma tokeni ya kwanza, tarakimu kwa tarakimu, bila wimbo safari hii. Ilipofika ya ishirini, meneja akabonyeza kitufe cha mwisho, na kile kioo kidogo kikakaa kimya muda wa mtu kumeza mate. Halafu sifuri ikapanda.

"Imekubali," akasema meneja. Akashusha pumzi. "Inatosha. Saidi, inatosha."

"Haitoshi, bosi," Saidi akasema bila kunyanyuka. "Mlisema nimekula tatu."

Meneja akaingiza ya pili. Ikakubali. Akaingiza ya tatu. Ikakubali. Umeme wa kusagia mahindi ya kijiji ukawa umelala kwenye chumba kimoja cha Lizaboni. Meneja akageuka, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka bombani, "Saidi, nimekukosea. Wewe na mkeo. Hukuchukua hata uniti moja, na kesho njoo kazini." Saidi akajifunika uso kwa kanzu. Nami nililia, sioni kwa nini nifiche.

Ndipo tulipoona kwamba chumba kina mwanga. Balbu ilikuwa imewaka yenyewe, maana swichi iliachwa imewashwa siku umeme ulipoisha. Mwanahawa aliiona, akashtuka kama mtu aliyekamatwa na kitu cha watu mkononi, akakimbilia ukutani kuizima. Mama Ngonyani akamwahi, akamshika mkono juu ya swichi, majirani wote wakitazama.

"Iache iwake, binti," akasema. "Nimeilipia mimi."